Kampuni za Unix zilivyofungua milango shingo upande

Katika miaka ya tisini, benki au kampuni ya simu iliyotaka tarakilishi kubwa ya kutegemewa ilikuwa na milango michache ya kubisha hodi. Sun Microsystems iliuza mfumo wa Solaris, IBM iliuza AIX, Hewlett-Packard ilikuwa na HP-UX, nayo Silicon Graphics ikatamba na IRIX.

Mifumo hiyo yote ilikuwa ya ukoo mmoja, Unix, ambao asili yake ni kazi iliyoanzwa mwaka wa 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani.

Kila kampuni ilifungia msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji wa programu, nyuma ya leseni kali. Mteja aliuziwa mashine, mfumo na matengenezo kwa pamoja. Akishanunua, kuhamia kwa mwuzaji mwingine kulimgharimu pesa nyingi, na wauzaji walilijua hilo vyema.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1991, wakati Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipotoa kiini cha mfumo uliofanana na Unix. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni huria: mtu yeyote aliruhusiwa kuusoma msimbo, kuurekebisha na kuusambaza, mradi anayeupokea kutoka kwake apewe haki zizo hizo. Mfumo huo ni Linux.

Rahisi huvunja upishi, na wengi hawakuamini kwamba kitu cha bure kingeweza kushindana na Solaris. Kwa kweli, wakati huo hakikuweza. Solaris ilikuwa imara zaidi katika mashine kubwa. Hata hivyo, Linux iliendeshwa kwenye tarakilishi za bei nafuu zenye vichakato vya Intel, na kwa kazi nyingi za intaneti mashine kadhaa za aina hiyo zilitosha. Hatari kwa wakongwe ilikuwa katika bei ya mashine zenyewe.

IBM ilikuwa ya kwanza kati ya vigogo kusoma ishara. Mnamo Desemba 2000 ilitangaza kwamba ingetumia dola 1 bilioni kuendeleza Linux katika mwaka uliofuata. Haikuwa sadaka, kwani kampuni hiyo ilipata pesa nyingi kutokana na ushauri na huduma, na mteja wa Linux bado angehitaji fundi.

Wengine walikimbilia mahakamani. Mnamo Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wa Unix ulikuwa umeingizwa katika Linux kinyume cha sheria. Ajabu ni kwamba SCO yenyewe, ilipoitwa Caldera, ilikuwa ikiuza Linux. Mwaka wa 2007 jaji aliamua kuwa hakimiliki za Unix zilikuwa za kampuni ya Novell, na mwezi uliofuata SCO ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa wa Sun. Kampuni hiyo iliishi kwa kuuza mashine zenye vichakato vyake yenyewe, SPARC, hivyo kila mteja aliyehamia Linux kwenye mashine ya Intel aliondoka na kitita kizima.

Sun haikuwa ngeni katika programu huria. Mwaka wa 1999 ilinunua kampuni ya Ujerumani ya StarDivision, na mwaka wa 2000 ikafungua msimbo wa programu zake za ofisi kwa jina la OpenOffice.org. Matunda yake yalifika Afrika Mashariki: mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao walitumia msimbo huo kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Kwa programu yenye msimbo uliofungwa, wangelazimika kumsubiri mwenyewe aone faida katika Kiswahili.

Solaris yenyewe ilifunguliwa Juni 2005, miaka 14 baada ya Linux kuzaliwa. Leseni iliyochaguliwa haikuafikiana na ile ya Linux, kwa hivyo misimbo hiyo miwili haikuweza kuunganishwa kwa urahisi. Aidha, maamuzi makubwa yalibaki mikononi mwa Sun, na waundaji wa nje, ambao tayari walikuwa na makao kwingine, hawakumiminika ilivyotarajiwa.

Oracle iliinunua Sun kwa takriban dola 7.4 bilioni, mpango uliokamilika Januari 2010. Agosti mwaka huo ilisitisha mradi wa OpenSolaris. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wahandisi waliouchukua msimbo uliokwisha kutolewa waliuendeleza kwa jina la illumos, na mfumo wa kuhifadhi data wa ZFS, ulioundwa na Sun, leo unatumika hata kwenye mashine za Linux.

IBM nayo ilikamilisha ununuzi wa Red Hat, mwuzaji mashuhuri wa Linux, Julai 2019 kwa dola 34 bilioni, zaidi ya mara nne ya bei ya Sun. Mnamo Juni 2023 Red Hat ilitangaza kuwa msimbo kamili wa mfumo wake mkuu ungetolewa kwa wateja wake, huku umma ukibakishiwa ule wa toleo linalotangulia. Waliokuwa wakiutumia kuunda nakala zisizolipiwa walilalamika vikali.