Kalemie: Shati kuukuu la baba, gauni jipya la binti

Katika mji wa Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, joto huzidi mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijakolea. Ndicho kipindi ambacho watoto wanarudi masomoni na wazazi wamekwisha kumaliza pesa kwa karo, madaftari na sare. Gauni jepesi la msichana wa miaka minne au mitano, la kuvaa nyumbani au siku ya Jumapili, mara nyingi huwekwa mwisho wa orodha. Lakini kitambaa cha gauni hilo, katika nyumba nyingi, tayari kipo ndani ya sanduku.

Kalemie si mgeni katika mambo ya nguo. Mji huu, uliokuwa ukiitwa Albertville wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, ulikuwa na kiwanda cha Filtisaf kilichosokota uzi na kufuma vitambaa vya pamba. Mashini zake zilinyamaza miaka mingi iliyopita, na jina limebaki kwa mtaa. Leo, nguo nyingi ambazo watoto wanavaa hutoka kwenye marobota ya mitumba, au mabalo kama wanavyosema sokoni. Sehemu yake huvuka Ziwa Tanganyika kutoka bandari ya Kigoma, nchini Tanzania.

Mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitaka mitumba ikomeshwe kufikia mwaka 2019 ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Marekani ilipinga, na Rwanda, iliyoshikilia kupandisha ushuru, ilisimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuingiza mavazi yake katika soko la Marekani bila ushuru. Congo ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2022, na mitumba bado inafunguliwa sokoni kila asubuhi.

Kwa mama wa mtoto, ubaya wa nguo za balo si kwamba zimevaliwa na mwingine. Ubaya ni kwamba nguo nyingi za watoto zimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Hazinyonyi jasho, na shingoni na kwapani mtoto huanza kujikuna. Tena, jikoni ambako mbabula ya makala iko chini, karibu na watoto, nguo ya aina hiyo ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Pamba nayo huungua, kwa hiyo mtoto akae mbali na moto hata akiwa na gauni la pamba, lakini haiyeyuki.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome kwa kiberiti, mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa plastiki hujikunja, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu.

Katika nyumba nyingi, pamba nzuri hupatikana sehemu mbili. Ya kwanza ni mashati ya baba. Shati la mwanaume huchakaa kwanza kwenye kola na kwenye vikofi vya mikono, wakati mgongo na tumbo bado ni imara. Ya pili ni vikwembe. Mama wa Kikongo hununua kikwembe cha tarehe 8 Machi, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, kingine cha harusi ya ndugu, kingine cha sherehe ya kanisa. Kila kimoja hushonwa, huvaliwa mara chache, kisha hukunjwa na kuwekwa. Miaka inapita, mwili unabadilika, libaya haiingii tena. Kikwembe cha kujifunga kila siku huchakaa katikati, pale mtu anapokalia, lakini kando zake hubaki na rangi.

Tuchukue shati la mtu mzima na msichana wa miaka minne, mwenye urefu wa mita moja hivi na kifua cha sentimita 56. Shati hilo mara nyingi lina urefu wa sentimita 75 na mzunguko wa sentimita 110. Fundi hulifua, hulipiga pasi, hulifunga vifungo vyote, kisha hulikata kwa mstari mmoja ulionyooka chini ya makwapa. Kinachobaki ni mfuko wa kitambaa wa sentimita 50, wenye pindo tayari chini na vifungo mbele. Sehemu ya juu hukunjwa sentimita tatu na kupitishiwa lastiki. Kabla ya hapo, pale kitambaa cha vifungo kinapokutana na mkunjo pashonwe kabisa, la sivyo gauni litafunguka mtoto akikimbia.

Mikono ya shati hutoa mikanda ya mabegani, yenye upana wa vidole viwili. Mikanda ya kushonwa ni bora kuliko kamba za kufunga shingoni, kwa sababu kamba inayoning'inia inaweza kunasa kwenye msumari au tawi na kumkaba mtoto. Ikiwa gauni ni fupi, ukanda wa kikwembe huongezwa chini, na hapo ndipo shati linaacha kufanana na shati.

Msichana wa umri huo hurefuka karibu sentimita sita kila mwaka. Kwa hiyo fundi mwenye akili huficha sentimita tano ndani ya ncha za mikanda, na sentimita tano nyingine kwenye mkunjo wa ukanda wa chini. Mwaka unaofuata, mama anafumua uzi, anashusha, anashona tena. Gauni lililotengenezwa hivyo linaweza kumhudumia mtoto misimu miwili, kisha likamfikia mdogo wake.

Hesabu ya fundi ndiyo ngumu. Akidai malipo ya haki kwa gauni moja, mzazi atalinganisha na bei ya gauni la balo na kuondoka. Njia mojawapo ni kushona kwa pamoja: wakina mama wanne au watano wa mtaa mmoja wanakusanya mashati na vikwembe, fundi anakata yote siku moja na kushona mfululizo. Muda wa kila gauni unapungua na bei inashuka bila yeye kupata hasara. Mashini ya kukanyaga kwa mguu inatosha, hata siku ambayo umeme hakuna. Anayejua sindano tu naye anaweza, ila itamchukua saa nyingi zaidi.

Zipo pia nyumba zisizo na sanduku la kufungua. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024, familia za Kalemie zilipoteza nyumba na mali. Wengine walifika mjini wakikimbia vita vya vijijini wakiwa na nguo walizovaa tu. Familia kama hizo hupewa nguo kuukuu, na mara nyingi ni zile ambazo mtoaji mwenyewe asingemvalisha mtoto wake.

Shati hilohilo, likikatwa na kushonwa kabla ya kutolewa, linafika likiwa gauni lenye kipimo cha mtoto. Msichana wa miaka mitano anaijua tofauti. Atalivaa Jumapili na kutoka nje kucheza na wenzake, badala ya kubaki ndani kwa kuona haya.