Mwali Asiye na Kungwi: Upweke wa Ujana katika Rosa Mistika na Utengano

Miongoni mwa dhamira zilizoshughulikiwa sana na riwaya ya Kiswahili tangu mwanzo wa miaka ya 1970 ni ile ya kijana anayeondoka utotoni bila ya kupokelewa na mtu yeyote katika utu uzima. Wahakiki wengi wameieleza dhamira hiyo kuwa ni suala la malezi: mzazi mkali mno humharibu mwana, na mzazi mlegevu mno humharibu vilevile. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiini cha msiba wa vijana katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) si ukali wenyewe, bali ni kimya kinachoandamana nao.

Yafaa kuanza na msamiati, kwani lugha huhifadhi fikra ambazo jamii imekwisha kuzisahau. Katika Kiswahili cha pwani, binti aliyevunja ungo huitwa mwali. Neno hili lina maana mbili zinazotegemeana. Kwanza, mwali huwekwa ndani, asionekane ovyo. Pili, mwali hufundwa: hupewa kungwi au somo, ambaye humweleza mambo ya mwili wake, ya ndoa, na ya adabu ya watu wazima. Kuwekwa ndani ni nusu ya kwanza, na kufundwa ni nusu ya pili. Nusu ya kwanza bila ya pili si uwali tena, ni kifungo. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa riwaya hizi mbili.

Katika Rosa Mistika, Zakaria, mlevi aliyewahi kuwa mwalimu, anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana, Charles. Kipigo hicho ndicho somo pekee ambalo baba anampa bintiye kuhusu wanaume. Rosa anajifunza kuogopa. Hajifunzi ni nini anachopaswa kukiogopa, wala kwa nini. Mama yake, Regina, ana huruma, lakini naye ni mtu anayeishi chini ya fimbo ileile. Rosa anapovuka ziwa kutoka Ukerewe kwenda kusoma Mwanza, na baadaye anapofika chuo cha ualimu huko Morogoro, anakuwa na hofu isiyo na maarifa. Hofu ya namna hiyo haidumu. Ikiisha kuvunjika, haiachi kinga yoyote nyuma yake.

Hata jina la mhusika lina mzigo. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa anazoitwa Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Tangu ubatizo, basi, binti huyu amevikwa usafi kama vazi aliloshonewa na wengine. Anapovuliwa vazi hilo, hakuna anayeuliza aliyeyatenda hayo ni nani. Charles, aliyetaka kumwoa, anamkataa anapotambua kwamba si bikira. Rosa anajiua. Kisha Kezilahabi anaipeleka kesi mbele ya Mungu, baba na binti wakishitakiana. Ni hatua ya kisanii yenye maana: mazungumzo ambayo yangefanyika nyumbani Rosa alipokuwa bado msichana yanafanyika baada ya kifo.

Utengano unalitazama jambo hilohilo kwa upande wa pwani. Maksuudi, mtu wa heshima mbele ya umma, anamfungia ndani binti yake Maimuna pamoja na mamaye Tamima. Kwa nje anaonekana kuifuata desturi ya kumtunza mwali. Kwa kweli ameikata desturi hiyo vipande viwili, akabaki na ukuta, akatupa mafunzo. Maimuna anapotoka, hajui mji, hajui fedha, hajui nia za watu. Anaangukia katika danguro la Mama Jeni. Hapo ndipo kejeli ya mwandishi inapokuwa kali kuliko popote: mtu mzima wa kwanza kumfunza Maimuna mambo ya wanaume ni mwenye danguro. Nafasi ya kungwi haibaki tupu. Asipoijaza mwenye mapenzi, huijaza mwenye faida.

Wahenga wamesema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumlaumu mwana. Riwaya hizi zinaigeuza, zikamwuliza mzazi: uliyenyamaza ulitarajia nani afunze? Aidha, zinasahihisha dhana ya kupotea kwa utoto. Rosa na Maimuna hawakuharibika kwa kujua mengi mno. Waliharibika kwa kujua kwa kuchelewa, na kwa mwalimu mbaya. Hapa ndipo wanapotofautiana na kijana mashuhuri wa riwaya ya J.D. Salinger iliyotoka Marekani mwaka 1951, ambaye anawakimbia watu wazima kwa kuwa anawaona wanafiki. Holden Caulfield amechoshwa na maneno ya wakubwa, Rosa ameyakosa.

Suala hili lina uzito wa pekee mahali kama Sagalla. Mlima huu uko kusini mwa mji wa Voi, karibu kiasi kwamba aliye juu huuona mji ulivyotandaa chini. Wamisionari wa Kianglikana walifika huko katika miaka ya 1880, na reli ya kutoka Mombasa ikapita chini ya mlima mwishoni mwa karne hiyohiyo. Voi ikawa mji wa njia panda, hasa baada ya tawi la reli la kwenda Taveta kujengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kijana anayeshuka mlima kwenda kusoma mjini ana safari fupi kuliko ya Rosa ziwani, lakini umbali wa kijamii waweza kuwa uleule. Tena, anashuka na lugha tatu: Kisagalla cha nyumbani, ambacho si Kidawida ingawa mara nyingi huhesabiwa pamoja nacho, Kiswahili cha mjini, na Kiingereza cha darasani. Swali ambalo riwaya hizi zinaliuliza ni hili: katika lugha ipi kati ya hizo mtu mzima atamweleza kijana mambo ya mwili na ya moyo wake? Endapo nyumbani ni aibu, darasani ni somo la baiolojia, na mjini ni mzaha, kijana huyo ana lugha tatu na kimya kimoja.

Ni jambo la kuhuzunisha kwamba Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa kwa muda kusomwa shuleni kwa sababu ya uwazi wake. Waliozuia walikuwa na nia ya kuwalinda vijana. Hata hivyo, kwa kufanya hivyo walirudia kosa la Zakaria, yaani kukinga bila kueleza. Utengano ulipata bahati njema zaidi, kwani umewahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, kama ilivyowahi kutahiniwa Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Katika riwaya hiyo ya tatu, kijana mwenye lakabu ya Kongowea Mswahili, anayetoka Tanga kumtafuta babaye hadi Kitale, naye ni mpweke. Ila ana kitu ambacho Rosa na Maimuna walinyimwa, nacho ni maneno ya kuusimulia upweke wake.

Kwa hiyo mwalimu wa fasihi anayezifundisha riwaya hizi, awe Dar es Salaam au katika darasa lililo chini ya mlima wa Sagalla, hafanyi kazi ya kuchambua maudhui na fani tu. Anaishika, atake asitake, nafasi iliyoachwa wazi na kungwi. Akiiruka sura ngumu kwa kuona haya, wanafunzi wake wataisoma peke yao usiku, bila ya mtu wa kumwuliza.