Usikivu ni Neema: Tusiwaache Wazee Wetu Baada ya Upasuaji

Usikivu ni miongoni mwa neema ambazo Qur'ani Tukufu imezitaja pamoja na macho na nyoyo, ili mja apate kushukuru. Na katika kushukuru neema ni kuitunza, na inapopungua, kuitafutia tiba.

Baadhi ya watu wazima waliopoteza usikivu hupandikizwa kifaa ambacho sehemu yake moja huingizwa sikio la ndani kwa upasuaji, na nyingine huvaliwa nje, nyuma ya sikio. Wengi wetu hudhani kuwa siku ya upasuaji ndiyo mwisho wa safari. La hasha! Kifaa huwashwa baada ya jeraha kupona, kisha mtaalamu hukirekebisha hatua kwa hatua huku ubongo ukijizoeza sauti mpya. Ufuatiliaji huo ni wa maisha yote.

Hapo ndipo penye mtihani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huu mwaka 2017. Lakini kwa anayeishi Kigoma au Mtwara, kila safari ya marekebisho ni nauli, uchovu na msindikizaji. Kifaa kisichorekebishwa huishia kabatini, na mzee hurejea katika upweke wake: khutba haimfikii, wala salamu za wajukuu.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Huko Southampton, Uingereza, watu wazima 60 waligawanywa makundi mawili kwa miezi 6. Kundi moja liliendelea na utaratibu wa kawaida. La pili lilihudumiwa kwa mbali, likijipima usikivu nyumbani na kupata mwongozo kwa njia ya mtandao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kuwa waliohudumiwa kwa mbali walizidi kuimudu hali yao wenyewe. Nchini Marekani, Novemba 2017, mamlaka husika iliidhinisha aina mojawapo ya vifaa hivi irekebishwe kwa mbali, kwa mwenye uzoefu wa angalau miezi 6.

Huduma hii haisimami bila familia. Kijana amwandalie mzazi chumba tulivu, simu yenye chaji na intaneti ya kutosha. Akae pembeni kusaidia, wala asijibu kwa niaba yake. Sikio ni la mzazi, na siri ya maradhi yake ni amana. Aidha, si kila jambo humalizwa kwa simu: uvimbe au usaha penye kovu, homa kali, shingo kukakamaa au sauti kukatika ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Nasi tulio katika kamati za misikiti tunao wajibu. Tuwaulize madaktari kama huduma ya namna hii inapatikana, na ofisi ya msikiti yenye mtandao ifunguliwe kwa mzee asiyekuwa nao. Kumsaidia mzazi asikie ni katika kumfanyia wema.

Allah (s.w.) atuhifadhie masikio yetu, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.