Je, Mtoto Huyu Asema Uongo?

Mara nyingi wazazi husikika wakilalamika, "Mtoto wangu amekuwa mwongo. Asema amemwona simba akinywa chai jikoni." Wengine humkaripia mtoto wa namna hiyo, na wengine humchapa, wakidhani kuwa wamwondolea tabia mbaya. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, tusije tukang'oa mche mwema tukidhani ni gugu.

Mwongo ni mtu atakaye kumdanganya mwenziwe ili apate faida au aepuke adhabu. Mtoto wa miaka mitatu au minne asimuliaye habari za simba hatafuti lolote katika hayo. Anacheza. Mchezo huo huanza mapema, mtoto afikapo mwaka mmoja na nusu hivi, anaponyanyua kikombe kitupu na kujifanya anakunywa. Baadaye gunzi la mahindi huvikwa kitambaa, likabebwa mgongoni, likawa mtoto mchanga.

Lev Vygotsky, mtaalamu wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kuwa mtoto apandaye kijiti na kukiita farasi hujifunza kutenganisha kitu na maana yake. Elimu hiyo si ndogo. Herufi ni wino tu juu ya karatasi, lakini msomaji huona humo watu na mambo. Naye mkulima apimaye shamba kabla ya mvua huona mahindi ambayo hayajaota.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Watoto wa Kiluo walikusanyika jioni katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakasikiliza hadithi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi walivyosikia hadithi za sungura kando ya moto, na siku ya pili watoto wakazisimulia tena kwa wenzao waliokuwa wakichuma pareto, majani ya chai na kahawa. Hadithi haikuishia masikioni. Mtoto naye alikuwa msimulizi.

Siku hizi nyumba nyingi ziko mbali na bibi, basi kazi hiyo ni yetu, akina baba na akina mama. Haihitaji fedha. Kopo, gunzi na robo saa baada ya chakula vyatosha. Mtoto akisimulia, mwulize: "Simba alitia sukari vijiko vingapi? Kisha ikawaje?" Akiwa daktari, kubali kuwa mgonjwa. Lakini usimnyang'anye hadithi yake na kuimaliza wewe, wala usimsahihishe kila neno.

Pengine mzazi atauliza: je, mtoto atajuaje kweli? Chungu kikivunjika, mwulize kwa upole, "Hii ni hadithi, au ni habari ya kweli?" Akijibu kweli, mshukuru, hata kama chungu kilikuwa kizuri. Hivyo atajifunza kuwa kila moja ina mahali pake.

Mtoto achapwaye kwa ajili ya simba wake hajifunzi kusema kweli, hujifunza kunyamaza. Na siku atakapopatwa na jambo zito, huko njiani au shuleni, mzazi wake atakuwa mtu wa mwisho kuambiwa.