Uzi wa Kushonea Ngozi kwa Mkono

Fundi anaponunua ngozi huikunja, huinusa, tena huitazama mwangani aone kama ina makovu ya kupe. Lakini akifika kwenye uzi, huchukua wowote apewao dukani. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua mkoba wa mwanafunzi ulioshonwa kwa uzi wa pamba. Masika mbili zilipopita ngozi ilikuwa nzima kabisa, bali uzi ulikuwa umeoza. Ukakatika njiani, na vitabu vikaangukia matopeni.

Pamba hunywa maji na kuoza, kwa hiyo haifai kwa kitu kitakachonyeshewa au kushika jasho. Zamani wafugaji walishona ngozi kwa kano za wanyama. Siku hizi nyuzi zitumikazo sana ni za kitani, poliesta na nailoni. Kitani hakivutiki, na hushika nta vizuri. Lakini nacho huharibika kwa maji kisipopakwa nta ya nyuki. Poliesta haiozi, na huvumilia jua kuliko nailoni. Nailoni ina nguvu nyingi, ila huvutika, na mshono ukivutika huacha nafasi katikati ya ngozi mbili.

Wako wasemao, "Nipe uzi wenye nguvu kuliko zote." Hapo ndipo wengi hukosea. Uzi mwembamba wenye nguvu kuishinda ngozi huikata, kama waya ukatavyo mche wa sabuni. Uzi ukikatika waweza kushona tena katika matundu yale yale. Ngozi ikipasuka tunduni, huna la kufanya ila kukata nyingine. Basi uzi upimwe kwa ngozi. Kwa pochi, nusu milimita yatosha. Kwa mshipi au mkoba, yapata milimita 0.8, kwa kamba nene za tandiko, milimita 1. Uzi wa kitani ukiandikwa 18/3, maana yake ni nyuzi 3 zilizosokotwa pamoja, na hiyo 18 huonyesha wembamba wa kila mmoja: nambari ikizidi, uzi huwa mwembamba zaidi.

Ukishuku kwamba umeuziwa kitani kisicho kitani, choma ncha ya uzi. Kitani huungua kikawa jivu, na harufu yake ni ya karatasi. Poliesta na nailoni huyeyuka zikawa tone gumu.

Kisha kata uzi mara 4 ya urefu wa mshono, utie sindano kila mwisho. Kila tundu lipitiwe na sindano zote mbili, moja kutoka huku na ya pili kutoka kule. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili hushikilia. Mshono wa cherehani hauna msaada huo, nao hufumuka upesi. Mwishoni rudi nyuma matundu 2 au 3, ukate. Ncha ya poliesta yaweza kuyeyushwa kidogo kwa moto, bali usiichome ya kitani.