Kupumua na Respiresheni: Mfano wa Nyuki wa Mpanda

Hivi karibuni tuliletewa mswada wa kijitabu cha ufugaji nyuki, uliokusudiwa wafugaji wa Mpanda na Inyonga mkoani Katavi, ili tuikague lugha yake. Humo tulikuta sentensi isemayo kwamba nyuki "hupumua sukari ili apate nguvu". Mfasiri hakuwa mzembe. Alifungua kamusi, akaona neno la kigeni limepewa tafsiri ya "kupumua", akalitumia. Lakini mfugaji hataielewa sentensi hiyo, na mwalimu akiipeleka darasani atafundisha jambo lisilo kweli.

Kupumua ni kuvuta hewa na kuitoa, wala viumbe vyote havifanyi hivyo kwa namna moja. Nyuki hana mapafu. Hewa humwingia kwa vitundu vilivyo ubavuni, ikapita katika vijibomba vinavyogawanyika hadi kwenye misuli yenyewe, bila oksijeni kubebwa na damu. Mti uliotundikwa mzinga hauna mapafu wala vijibomba hivyo. Hata hivyo nyuki, mti na mrina asali wote hufanya respiresheni ndani ya seli zao, usiku na mchana. Ndiyo maana twapendelea neno hili la mkopo, ingawa wako wanaolilalamikia kuwa ni zito: "upumuaji" una kazi yake tayari.

Respiresheni yenyewe huendaje? Nyuki arukaye hutumia sukari itokanayo na mbochi wa maua. Glukosi, yenye atomi 6 za kaboni, kwanza huvunjwa katika saitoplazimu kuwa molekuli 2 za piruvati. Hatua hii haihitaji oksijeni, na faida yake ni molekuli 2 tu za ATP, kemikali ambayo seli huitumia kama fedha taslimu ya kulipia kila kazi. Kisha piruvati huingia katika mitokondria, ambazo misuli ya mabawa ya nyuki imejaa tele. Humo hufuata mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937, na kaboni hutolewa ikiwa kabonidayoksaidi. Elektroni nazo hupokezanwa katika utando wa ndani hadi kuifikia oksijeni, ambayo huungana na protoni ikawa maji. Kupokezana huko husukuma protoni upande mmoja wa utando. Zinaporejea, huendesha kimeng'enya kiundacho ATP, mithili ya maji yazungushayo gurudumu. Wazo hili lilitolewa na Peter Mitchell mwaka 1961. Kwa jumla molekuli moja ya glukosi huleta ATP zipatazo 30 au 32. Vitabu vya zamani husema 36 au 38. Mfasiri asidhani amekosea kusoma.

Anayetaka kuona tofauti aitazame wanzuki. Hamira iliyo ndani ya asali na maji, ikikosa oksijeni, hujipatia zile ATP 2 tu, na nishati nyingi hubaki katika kileo. Kileo kikikolea huweza hata kuwaka moto.

Vitenzi navyo vyahitaji uangalifu. "Kuzalisha nishati" kumezoeleka mno, lakini nishati haiumbwi. Ilikuwamo katika sukari, na seli huitoa. "Kuunguza sukari" ni afadhali kidogo, ila moto hutoa nishati yote kwa mkupuo, ilhali seli huitoa hatua kwa hatua. Kuhusu mitokondria, umoja na wingi ni neno lilelile: mitokondria hii, mitokondria hizi. Hatuoni sababu ya kumtwika msomaji wa Kiswahili sarufi ya Kigiriki.

Kwa kitabu cha shule tungeandika: "Seli za nyuki hutoa nishati kutoka katika glukosi kwa njia ya respiresheni itumiayo oksijeni." Lakini mswada ule haukuwa wa shule. Mfasiri alituuliza kama mrina asali wa Inyonga anahitaji "respiresheni" hata kidogo, na tulipolifikiri swali lake tuliona ana haki. Tukaandika: "Sukari ya mbochi na hewa safi ndizo zimpazo nyuki nguvu za kuruka." Neno "nguvu" tukaliacha palepale alipoliweka.