TANGI LEO, SAMAKI LEO? UNAJITAFUTIA MATANGA!

JAMANI, siku hizi ukiingia saluni, baa yenye hadhi au sebule ya mtu aliyeuza kahawa yake vizuri, usishangae kukuta tangi la kioo. Taa ya buluu inawaka, samaki wa rangi wanakatiza kwa maringo, na mwenye nyumba anajidai utafikiri kawaumba yeye. Ni pambo la nguvu, silipingi. Kero yangu ni moja tu: hao samaki hawadumu! Wiki ya kwanza wako kumi, wiki ya pili sita, wiki ya tatu limebaki tangi na taa yake.

Ukimuuliza mwenyewe, sababu anazo kibao. Mara kijicho cha majirani, mara baridi ya Mbinga, mara eti samaki wa Nyasa wakitolewa ziwani wanasononeka. Kinyozi mmoja pale Mbinga mjini aliniapia kuwa kafanya yote: tangi kalisugua, maji meupe pee, chakula mara tatu kwa siku. "Kaka, sasa nimekosea wapi?" akaniuliza.

Kwenye usafi hakukosea. Alichokosa ni subira. Muuza duka alimkabidhi tangi na samaki siku hiyo hiyo, akahesabu noti zake, akamwachia mwenzake msiba.

SUMU ISIYOONEKANA

Msomaji wangu, samaki ni kama mimi na wewe, akila lazima atoe uchafu. Tofauti ni kwamba yeye chumba chake na choo chake ni kimoja. Uchafu huo mwingi ni amonia, na hutoka hasa kwa njia ya matamvua yake. Chakula kinachobaki nacho kikioza kinatoa amonia. Hiyo ni sumu, na huwezi kuiona kwa macho. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya kunywa huku samaki anaungua matamvua.

Sasa, katika tangi lililokomaa kuna walinzi. Ni bakteria wa aina mbili. Kundi la kwanza linakula amonia na kuigeuza kuwa naitraiti. Kasheshe ni kwamba naitraiti nayo ni sumu, maana inaiharibu damu ya samaki isiweze kubeba oksijeni. Utamwona anatweta juu ya maji kama mtu aliyepanda milima ya Umatengo na gunia la kahawa kichwani. Hapo linaingia kundi la pili, linaigeuza naitraiti kuwa naitreti. Majina yanafanana kama Kulwa na Doto, lakini tabia ni mbali kabisa: naitreti ni ya upole, na unaipunguza kwa kubadilisha maji tu.

Walinzi hao hawaji na maji ya bomba. Wanaota polepole kwenye mawe, mchanga na hasa sponji ya chujio. Kwa kawaida wanahitaji wiki nne hadi sita kuwa jeshi kamili. Ukitia samaki siku ya kwanza, umewapeleka vitani kabla askari hawajaandikishwa.

WA KWETU NDIO WANAOUMIA ZAIDI

Hapa ndipo watu wa Ruvuma tutege masikio. Shuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita kama 66 hivi, mpaka ufukwe ambao tangu mwaka 2012 uko katika Wilaya ya Nyasa, maana kabla ya hapo yote ilikuwa Mbinga. Kwenye miamba ya pale, na kuendelea Liuli na kisiwa cha Lundo, wamo samaki wadogo wa buluu, njano na machungwa waitwao mbuna. Sisi tunawaza usipa na mbasa wa kitoweo, kumbe hao wa rangi wamekwishavuka bahari. Ujerumani na Marekani wanafugwa sebuleni kwa jina hilo hilo la mbuna. Ila wenzetu wanawaita wote "samaki wa Malawi", hata yule aliyezaliwa Mbamba Bay! Mmoja wao, Labeotropheus fuelleborni, aliandikwa kitaalamu mwaka 1926 na kupewa jina la Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya samaki wa Nyasa enzi za ukoloni.

Mbuna wamezoea maji ya Nyasa, ambayo kipimo chake cha pH ni kama 8. Na amonia ina hila: pH ikipanda, sehemu yake iliyo kali huongezeka. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25, sehemu hiyo kwenye pH 8 ni karibu mara tisa ya ilivyo kwenye pH 7. Kwa hiyo ukimtengenezea mbuna maji anayoyapenda ndani ya tangi changa, umeipa na sumu nguvu. Ziwani haimdhuru kwa sababu maji ni mengi mno na kila jiwe lina bakteria wake. Lita 100 za kioo si ziwa.

FANYA HIVI

Weka mchanga, mawe, chujio na maji. Kama maji ni ya bomba yenye klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima au zaidi, au tumia dawa ya kuiondoa, kwani klorini inaua hao hao walinzi unaowatafuta. Washa chujio lisizimwe. Joto liwe nyuzi 25 au 26. Kwa Mbinga, hasa Juni na Julai, bila hita bakteria watajikunyata tu.

Kisha lisha tangi lisilo na samaki! Ndiyo, nasema kweli. Kila siku tia kidole kimoja cha chakula cha samaki, kioze, kitoe amonia ya kuwalisha bakteria. Majirani wakicheka, waache wacheke. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake chafu. Hiyo ni mbegu, itakupunguzia siku nyingi.

Tafuta vipimo vya matone. Kwanza amonia itapanda, halafu itashuka huku naitraiti ikipanda, mwisho naitraiti nayo itashuka na naitreti itaonekana. Siku utakayokuta amonia sifuri na naitraiti sifuri, na ukalisha leo, kesho ukapima bado sifuri, nyumba ina wenyewe. Badilisha sehemu kubwa ya maji, ndipo ulete samaki. Usilete umati. Anza na wachache, walishe kidogo, endelea kupima.

USIWAUE WALINZI

Wapo wanaosubiri wiki sita halafu wanaharibu kwa dakika tano. Wanaichukua sponji, wanaifua kwa sabuni bombani mpaka inang'aa. Umefua jeshi lote! Isuuze taratibu kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi. Kila wiki badilisha robo ya maji, si yote.

Umeme ukikatika, kumbuka kuwa bakteria hao wanahitaji oksijeni. Hata Nyasa yenyewe, yenye kina cha mita 700 na ushee, chini ya mita 250 hivi haina oksijeni wala samaki. Giza likizidi saa chache, toa sponji kwenye chujio uitie ndani ya tangi, koroga maji mara kwa mara, na usilishe samaki mpaka umeme urudi.

Kwa hiyo ndugu yangu, muuza duka akikuambia "chukua vyote leo leo, kaka", lipia tangi, mwage kwa heshima, samaki utawafuata mwezi ujao. Mbuna hana haraka. Mwenye haraka ni yule anayejua kuwa wakifa utarudi kununua wengine.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.